Mikoko ya Likoni: Jinsi setilaiti inavyohesabu msitu unaotoweka

ABIRIA anayevuka kivuko cha Likoni kwa feri huona meli za mizigo, winchi za bandari na umati wa watu wenye haraka. Msitu hauoni. Hata hivyo, akiufuata ufuo wa ndani kutoka Mtongwe kuelekea Dongo Kundu, hukutana na miti iliyosimama katika tope na maji ya chumvi, mizizi yake ikiwa imejipinda nje kama miguu ya kaa. Hiyo ni mikoko, na maisha ya wengi upande huo wa bahari yanaitegemea.

Kamba, kaa na samaki wachanga hukulia katika mizizi yake kabla ya kuingia baharini na kunaswa na nyavu. Miti hiyo hupunguza nguvu za mawimbi na kuushika udongo usichukuliwe na maji. Tangu zamani, wajenzi wa Mombasa wamekata humo fito, pau na boriti za nyumba, na akina mama wamepata humo kuni. Swali linalowahusu wote hao ni moja: je, umesalia msitu kiasi gani, na unapungua kwa kasi ipi?

Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa miguu pekee. Tope humeza miguu, maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na penginepo miti imesongamana hata mtu hapati njia ya kupita. Sehemu kubwa ya jibu hutoka angani, kwa setilaiti zinazozunguka dunia katika kimo cha kilomita 700 na zaidi. Lakini jibu hilo lina masharti yake, na anayesoma takwimu za misitu bila kuyajua masharti hayo anaweza kupotoshwa kwa urahisi.

Takwimu za Mwache na Tudor

Mwaka 2014, watafiti walioongozwa na Jared Bosire, aliyekuwa wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mikoko katika hori mbili za Mombasa, yaani mikono ya bahari inayoingia bara. Ya kwanza ni Tudor, iliyo nyuma ya kisiwa upande wa kaskazini. Ya pili ni Mwache, iliyo ndani kabisa ya hori ya Port Reitz, ile ile inayopakana na Mtongwe na Dongo Kundu.

Walichukua ramani ya mikoko ya mwaka 1992, kisha wakailinganisha na picha za setilaiti za Ufaransa ziitwazo SPOT, zilizopigwa mwaka 1994, 2000 na 2009. Matokeo yalishtua. Katika miaka hiyo 17, Tudor ilikuwa imepoteza asilimia 86.9 ya msitu wake, na Mwache asilimia 45.4. Ukigawanya kwa idadi ya miaka, Tudor ilipoteza asilimia 5.1 kila mwaka na Mwache asilimia 2.7.

Ili kuelewa uzito wa takwimu hizo, ni vyema kuzilinganisha na za nchi nzima. Uchunguzi mwingine, uliotumia picha za setilaiti za Marekani ziitwazo Landsat, ulionyesha kwamba Kenya ilipoteza asilimia 18 ya mikoko yake kati ya mwaka 1985 na 2010, sawa na asilimia 0.7 kwa mwaka. Kwa hivyo Mwache ilikuwa ikipoteza msitu kwa kasi inayokaribia mara nne ya wastani wa taifa, na Tudor mara saba. Wastani wa nchi ulikuwa umeificha hali ya Mombasa, kwa sababu mikoko mingi ya Kenya iko Lamu, mbali na jiji.

Setilaiti huona nini?

Chombo kilicho ndani ya setilaiti hakipigi picha kama ile ya studio. Kazi yake ni kupima mwanga wa jua unaorudishwa na ardhi, pamoja na mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni, uitwao infraredi. Hapo ndipo penye siri ya kuutambua msitu. Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu ili kujitengenezea chakula, lakini huurudisha kwa wingi ule wa infraredi. Maji huufyonza karibu wote. Tope tupu, mchanga na paa la mabati kila kimoja kina namna yake. Kwa kulinganisha vipimo hivyo, kompyuta hutofautisha mti na maji, na mti mzima na mti unaokauka.

Vipimo hupangwa katika miraba midogo iitwayo pikseli, na kila mraba hupewa thamani moja kwa kila aina ya mwanga. Udogo wa mraba ndio unaoamua kitakachoonekana. Setilaiti ya kwanza ya Landsat, iliyorushwa mwaka 1972, ilikuwa na miraba ya takriban mita 80. Zilizofuata katika miaka ya 1980 zilileta miraba ya mita 30. Sentinel-2 za nchi za Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, zina miraba ya mita 10. Kwa hesabu hiyo, hekta moja ya mikoko hugawanywa katika miraba takriban 11 ya Landsat, au miraba 100 ya Sentinel-2.

Baada ya kupata picha, mtaalamu huifundisha kompyuta. Huionyesha mahali anapopafahamu: hapa ni mikoko, hapa ni tope, pale ni minazi, kule ni nyumba. Kompyuta huchukua mifano hiyo na kuipanga miraba mingine yote kulingana nayo. Kazi hiyo hiyo hufanywa kwa picha ya miaka iliyopita, kisha ramani mbili huwekwa pamoja. Mraba uliokuwa mikoko zamani na sasa ni tope huhesabiwa kuwa msitu uliopotea.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya wenye fedha. Picha moja ya Landsat 7 iliuzwa kwa dola 600 za Marekani. Mwaka 2008 serikali ya Marekani ilianza kutoa hazina yake yote ya picha za Landsat bila malipo, na nchi za Ulaya zikafanya vivyo hivyo kwa picha za Sentinel. Tangu hapo, mwanafunzi wa Likoni mwenye kompyuta na intaneti anaweza kuitazama Mtongwe ya mwaka 1985 na kuilinganisha na ya leo. Nairobi nako kuna kituo cha kanda cha kuchora ramani za rasilimali, kilichoundwa mwaka 1975, ambacho kimewafunza kazi hii wataalamu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Maji kujaa na kupwa

Msitu wa mikoko una tatizo ambalo misitu ya bara haina. Setilaiti za Landsat hupita juu ya Mombasa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, kila moja ikirudi baada ya siku 16. Bahari haifuati ratiba hiyo. Siku moja setilaiti hupita maji yakiwa yamejaa, na safari nyingine yakiwa yamekupwa. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa katika pwani ya Mombasa hufikia takriban mita 4.

Maji yakijaa, miti mifupi na ile iliyotawanyika huzama nusu, na mraba wake huanza kufanana na bahari. Kwa hivyo mtu akilinganisha picha ya zamani iliyopigwa wakati wa kupwa na picha mpya iliyopigwa wakati wa kujaa, ataona msitu umepungua ilhali hakuna hata mti mmoja uliokatwa. Mtaalamu makini hutafuta picha mbili zenye hali moja ya maji kabla ya kuanza kuhesabu.

Mawingu nayo ni kikwazo. Wakati wa masika, picha nyingi za pwani hufunikwa na mawingu, kwa hivyo huwabidi watafiti kutegemea zaidi miezi ya kaskazi, mbingu zinapokuwa nyeupe. Setilaiti za rada, kama vile Sentinel-1, zimesaidia kwa sababu rada hupenya mawingu na hufanya kazi usiku na mchana.

Hata baada ya tahadhari zote, ramani haikosi makosa. Katika uchunguzi wa Mwache na Tudor, ramani ya mwaka 2009 ilipata usahihi wa asilimia 80.23. Maana yake ni kwamba katika kila mahali 100 palipokaguliwa, ramani ilikosea takriban mara 20. Kiwango hicho kilitosha kwa kazi iliyokusudiwa, kwani upungufu ulioonekana ulikuwa mkubwa sana. Lakini ramani kama hiyo ingetumiwa kudai kwamba msitu umeongezeka kwa asilimia 3 tu, dai hilo lingekuwa dhaifu.

Bandu bandu

Jambo la pili lisiloonekana vizuri kutoka angani ni ukataji wa kuchagua. Mkataji wa boriti haangushi msitu mzima. Huingia, akachagua shina lililonyooka, akalikata na kuliacha lililopinda. Kesho mwingine hufuata pau, na kesho kutwa mwingine fito. Majani ya miti iliyobaki hutanda na kuziba pengo, na mraba wa mita 30, wenye eneo la mita 900 za mraba, hubaki kijani katika picha.

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Setilaiti huliona gogo likiisha, lakini kila bandu huipita. Ndiyo maana watafiti waliochunguza Mwache na Tudor hawakutosheka na picha. Walishuka topeni wakapima miti katika njia 22 upande wa Mwache na njia 10 upande wa Tudor, wakitazama aina za miti, ukubwa wake na umbali wake kutoka makazi ya watu. Anayetembea hutambua mkoko, mchu, mkandaa na mlilana, na hukiona kisiki kilichokatwa kwa panga. Hayo yote hayamo katika mraba wa kijani.

Mpango wa taifa wa kusimamia mikoko wa mwaka 2017 hadi 2027 umelitambua jambo hilo. Kwa mujibu wake, takriban asilimia 40 ya mikoko ya Kenya imeharibika, hata kama bado inahesabiwa kuwa msitu. Katika Kaunti ya Mombasa, iliyo na hekta 3,771 za mikoko, karibu nusu iko katika hali hiyo.

Ramani mbili, hesabu mbili

Msomaji anayefuatilia takwimu za mikoko hatakosa kukutana na kitendawili. Uchunguzi wa picha za Landsat ulisema kwamba mwaka 2010 Kenya ilikuwa na hekta 45,590 za mikoko. Mpango wa taifa uliotolewa mwaka 2017 unasema ni hekta 61,271. Je, msitu uliongezeka kwa zaidi ya hekta 15,000 katika miaka michache?

La. Ramani hizo mbili zilichorwa kwa njia tofauti, na hazikuhesabu kitu kimoja kwa namna moja. Kipimo kimoja kinaweza kuiacha miti iliyotawanyika, na kingine kikaihesabu. Kutoa hekta za ramani moja kutoka kwa za nyingine ni sawa na kupima mchele kwa kibaba, kisha kuupima tena kwa pishi na kudai kwamba umepungua. Mabadiliko ya msitu huthibitishwa na ramani zilizochorwa kwa kanuni moja, mwaka baada ya mwaka.

Hata neno msitu lina mipaka yake. Katika hesabu za taifa, Kenya huhesabu kuwa msitu eneo lisilopungua nusu hekta, lenye miti iwezayo kufikia kimo cha mita 2, ambayo matawi yake hufunika angalau asilimia 15 ya ardhi. Kipande kidogo cha mikoko kilichobaki kati ya nyumba na maji kinaweza kukosa kufikia kiwango hicho. Kwa upande mwingine, miembe na minazi ya mashamba ya Likoni huonekana kijani kutoka angani, nayo huweza kuongeza hesabu ya miti bila kuongeza msitu.

Tofauti hiyo ina uzito wa kisheria. Ibara ya 69 ya Katiba ya mwaka 2010 inaitaka serikali kuhakikisha kwamba miti inafunika angalau asilimia 10 ya nchi. Tathmini ya taifa ya mwaka 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika asilimia 12.13, ilhali misitu ilikuwa asilimia 8.83. Takwimu zote mbili ni za kweli, lakini kila moja inajibu swali lake.

Chanzo hakisomeki angani

Picha ya setilaiti husema ni wapi msitu ulipotoweka, na kati ya mwaka upi na upi. Haisemi kwa nini. Ikitazamwa kutoka juu, mikoko iliyokufa na ile iliyokatwa huacha alama zinazofanana.

Mwache ni mfano mzuri. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilisomba udongo mwingi kutoka mashamba ya bara na kuumwaga katika hori hiyo. Mikoko hupumua kwa mizizi iliyo juu ya tope. Mizizi hiyo ilipofunikwa na mchanga, miti ilikufa kwa wingi ikiwa imesimama. Mtu ambaye angeitazama picha tu angeweza kuwalaumu wakata miti wa Mombasa, kumbe sehemu ya uharibifu ilitokana na mmomonyoko wa ardhi iliyo mbali na bahari.

Mafuta nayo yamechangia. Mwaka 2005, mafuta yaliyomwagika kutoka kwa meli ya mafuta bandarini Kilindini yalifika katika mikoko ya Port Reitz. Zaidi ya hayo kuna maji machafu ya jiji, uhitaji wa kuni na makazi yanayosogea karibu na ufuo.

Kuna pia ujenzi. Barabara ya Dongo Kundu, inayotoka Miritini na kupita Mwache na Mteza hadi Kibundani, inavuka maeneo ya mikoko kwa madaraja marefu. Kando yake, katika ardhi ya Likoni, limetengwa eneo maalum la kiuchumi la takriban ekari 3,000. Barabara na viwanda huleta kazi, na wakazi wengi wamevingoja kwa hamu. Tofauti na ukataji wa boriti, athari za ujenzi wa aina hii huonekana waziwazi katika picha: mstari ulionyooka ukipita katikati ya kijani, na tope jipya kando yake. Picha za kabla ya ujenzi zimo katika hazina. Kwa hivyo hakuna sababu ya kubishana kuhusu hali ilivyokuwa.

Ramani iletayo fedha

Ramani hizi hazifai kwa maombolezo pekee. Katika kijiji cha Gazi, Kaunti ya Kwale, mradi wa jamii uitwao Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kuuza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko. Mwaka 2019, Vanga, karibu na mpaka wa Tanzania, ilifuata na mradi wake wa hekta 460. Fedha hizo zimesaidia katika maji na shule.

Mnunuzi wa kaboni hanunui ahadi. Hutaka kuonyeshwa kwamba msitu bado upo, na kwamba haukuhamishiwa tu ukataji wake kwa jirani. Ushahidi huo hutokana na ramani pamoja na vipimo vya miti vinavyochukuliwa na wanakijiji wenyewe. Mahali ambapo ramani haina usahihi wa kutosha, ndipo biashara hiyo hukwama.

Maswali ya kuuliza

Kwa mkazi wa Likoni, iwe anasikiliza ripoti ya mazingira katika baraza au anasoma gazeti, maswali machache yanatosha. Picha zilizolinganishwa ni za mwaka gani, na maji yalikuwa yamejaa au yamekupwa? Mraba wa picha ulikuwa wa mita ngapi? Kilichohesabiwa ni msitu au ni miti yoyote? Je, kuna mtu aliyeshuka topeni kuthibitisha, na ramani ilipatikana kuwa na makosa kiasi gani? Hesabu isiyoweza kujibu maswali hayo haistahili kuwa msingi wa kumpa mtu kibali, wala wa kumnyima.

Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inazipa jamii nafasi ya kushiriki katika usimamizi wa misitu pamoja na Huduma ya Misitu ya Kenya. Ushiriki huo unaweza kuanza kwa kazi ndogo: kikundi cha vijana au cha wavuvi kikatembea mpaka wa mikoko ya Mtongwe kila mwaka, katika mwezi ule ule na hali ile ile ya maji, kikaandika mahali penye visiki, penye miti iliyokauka na penye miche mipya, pamoja na vipimo vya mahali vya simu zao. Kumbukumbu kama hizo ndizo ambazo mtaalamu aliye mbele ya kompyuta huzikosa zaidi.

Zitahitajika hata pale habari zitakapokuwa njema. Mche wa mkoko uliopandwa leo hauonekani kutoka angani. Itapita miaka kadhaa kabla matawi yake hayajakutana na ya wenzake na kuugeuza mraba wa tope kuwa wa kijani. Kwa muda huo wote, ni wale tu wanaoingia topeni watakaoweza kusema kama umeshika au umekufa.